Jarida Halitiwi Risasi: Maana na Matumizi ya Neno "Magazine" katika Tafsiri ya Kiswahili

Utangulizi

Nilipokuwa katika mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, mwalimu wetu wa kozi ya tafsiri alitupa taarifa fupi ya gazeti la Kiingereza tuitafsiri. Taarifa hiyo ilihusu bunduki aina ya AK-47 iliyopatikana na polisi, pamoja na "magazine" mbili na risasi 60. Bila kusita niliandika: "bunduki moja, majarida mawili na risasi sitini." Kazi iliporudishwa, nilikuta mwalimu ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Majambazi hawa walikuwa wasomaji wa jarida gani?" Darasa zima liliangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao.

Miaka michache baadaye nililikuta kosa lile lile mahali ambapo halikunichekesha. Nilikuwa nimeketi katika mahakama moja ya hakimu, nikisikiliza kesi kwa ajili ya utafiti mdogo kuhusu ukalimani. Kizimbani alisimama mzee mfugaji. Hati ya mashtaka ilikuwa ya Kiingereza, na karani akawa anamsomea kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Alipofika penye orodha ya vitu alivyodaiwa kupatikana navyo, alisema: "bunduki moja na majarida mawili." Mzee aliinua uso akasema, "Mheshimiwa, bunduki naiona pale mezani. Lakini hayo majarida si yangu. Mimi sikusoma."

Watu walicheka. Hakimu hakucheka. Aliagiza vitu vile viinuliwe juu ili mshtakiwa avione, kisha shtaka lisomwe upya. Mzee alivitazama, akanyamaza kitambo, akasema, "Aa, hizo. Hizo zilikuwa ndani ya bunduki."

Tazama, mpenzi msomaji, tofauti ya majibu hayo mawili. La kwanza ni kukana. La pili linakaribia kukiri. Laiti hakimu asingekuwa makini, majibu yote mawili yangeandikwa katika kumbukumbu za mahakama, na mzee angeonekana kigeugeu asiyeaminika. Ilhali mzee hakubadilisha kauli hata kidogo. Kilichobadilika ni neno aliloulizwa.

Makala haya yanakusudia kueleza maana za neno hilo la Kiingereza, asili yake, na matumizi yake katika uwanja wa silaha. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba tatizo la wafasiri wetu si uhaba wa maneno katika Kiswahili, bali ni kutouliza ni maana ipi inayotakiwa kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Asili ya Neno

Wengi wetu hudhani kwamba maana ya msingi ya "magazine" ni chapisho linalotoka kila wiki au kila mwezi, na kwamba maana ya kibunduki ilizuka baadaye kwa bahati tu. Historia ya neno inasema kinyume. Asili yake ni Kiarabu: kitenzi "khazana", yaani kuweka akiba au kuhifadhi, nomino "makhzan", yaani mahali pa kuhifadhia, na wingi wake "makhazin". Wafanyabiashara wa Bahari ya Kati walilichukua neno hilo. Kwa Kiitaliano likawa "magazzino", kwa Kihispania "almacén" na kwa Kireno "armazém", yote yakiwa na maana ya ghala. Wafaransa walikuwa na "magasin", ambalo leo ni duka, na Warusi nao hutumia neno la asili hiyo hiyo kwa duka. Kwa njia ya Kifaransa, neno liliingia katika Kiingereza katika karne ya 16, nalo liliingia likiwa na maana ya ghala, hasa ghala la silaha na baruti.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kutua kidogo. Mzizi huo wa kh-z-n tunao sisi wenyewe, na tunautumia kila siku. Neno "hazina" limetoka humo humo. Tunaposema Hazina ya Kitaifa, tunapomchagua mweka hazina wa chama chetu, au tunaposema kwamba wazee ni hazina ya lugha, tunatumia ndugu wa damu wa "magazine". Hata Morocco, neno "makhzen" limekuwa kwa karne nyingi jina la serikali ya mfalme na watu wake, kwa kuwa mwenye ghala la kodi ndiye mwenye enzi.

Ni vyema pia kutahadharisha kuhusu mfanano wa uongo. Neno "gazeti" halina udugu wowote na "magazine", ingawa sauti zake zinakaribiana. "Gazeti" linatokana na "gazzetta" la Kiitaliano, lililohusishwa na taarifa za habari za Venice. Anayedhani kwamba "ma-" ya "magazine" ni kiambishi cha wingi wa gazeti amepotea njia.

Matawi Matatu ya Maana

Kutokana na shina hilo la ghala, Kiingereza kimezalisha matawi matatu ambayo mfasiri hana budi kuyatenganisha.

Tawi la kwanza ni jengo au chumba cha kuhifadhia baruti, risasi na vilipuzi. Hili ndilo kongwe. Katika mji wa Williamsburg, jimbo la Virginia, kuna jengo la aina hiyo lililojengwa mwaka 1715. Mwezi Aprili 1775 gavana wa Mwingereza aliamuru baruti iliyokuwemo iondolewe usiku, na jambo hilo likawachochea walowezi kuelekea vita vya uhuru wa Marekani. Katika meli za kivita, chumba cha baruti kiliitwa kwa neno hilo hilo. Maana hii haijafa. Hapa Kenya, Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, inalitumia neno hilo kwa mahali pa kuhifadhia vilipuzi, kama vile vinavyotumiwa machimboni. Kiswahili kina maneno yaliyokomaa kwa maana hii: "ghala la silaha", "ghala la baruti", "bohari". Maghala ya jeshi yalipolipuka Mbagala mwezi Aprili 2009 na Gongo la Mboto mwezi Februari 2011, jijini Dar es Salaam, hakuna msemaji wa Kiswahili aliyekosa neno la kuyaitia.

Tawi la pili ni chapisho. Mwaka 1731, jijini London, Edward Cave alianza kuchapisha "The Gentleman's Magazine". Alichagua jina hilo kwa sababu lengo lake lilikuwa kukusanya mahali pamoja habari, mashairi na makala kutoka huku na huko. Lilikuwa ghala la maandishi. Jina la chapisho moja likageuka kuwa jina la aina nzima ya machapisho. Samuel Johnson, aliyekuwa amewahi kuandika katika jarida hilo, alilitaja katika kamusi yake ya mwaka 1755 alipoeleza kwamba maana ya chapisho la mambo mchanganyiko ilikuwa imezuka karibuni. Kwa Kiswahili tunasema "jarida", neno ambalo nalo limetoka Kiarabu, ingawa huko "jarida" ni gazeti, na chapisho la aina hii huitwa "majalla".

Tawi la tatu ni sehemu ya bunduki, na hili ndilo lililomponza mwandishi wa makala haya, na likakaribia kumponza yule mzee. Linahitaji kuelezwa kwa kina.

Sehemu ya Bunduki Inayoitwa kwa Neno Hili

Bunduki za zamani, mathalani gobori, zilitiwa baruti na risasi kwa kushindiliwa mdomoni mwa mtutu, mara moja kwa kila pigo. Mwindaji alibeba baruti yake kiunoni. Bunduki yenyewe haikuwa na akiba. Karne ya 19 ilileta bunduki zilizobeba risasi kadhaa ndani yake. Bunduki ya Henry, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1860, ilikuwa na bomba chini ya mtutu lililojazwa risasi zikapangana moja nyuma ya nyingine. Mwaka 1888 jeshi la Uingereza liliidhinisha bunduki ya Lee-Metford, iliyokuwa na kisanduku cha chuma chini yake. Ile akiba ya risasi, iliyokuwa zamani ikikaa katika jengo au katika mkoba wa askari, sasa ilikaa katika tumbo la bunduki. Waingereza wakaona kwamba hili nalo ni ghala, dogo tu, wakaliita kwa jina la ghala.

Utendaji wake si mgumu kueleza. Ni kisanduku, mara nyingi cha chuma au plastiki, chenye springi ndani. Risasi hupangwa juu ya springi hiyo. Kila bunduki inapofyatuliwa, ganda tupu hutupwa nje na springi husukuma risasi inayofuata juu, ili iingie katika chemba, yaani nafasi iliyo nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kulipuka. Katika AK-47 kisanduku cha kawaida hubeba risasi 30. Katika G3 hubeba 20. Ndiyo maana taarifa ya mwalimu wetu ilitaja viwili na risasi 60: hesabu yenyewe ilikuwa ikinieleza maana, nami sikuisikiliza.

Kutokana na utendaji huo kuna jambo ambalo mfasiri hapaswi kulikosea. Kisanduku kikichomolewa, bunduki haiwi tupu kwa lazima, kwani risasi moja yaweza kuwa imebaki katika chemba. Watu wamekufa kwa kutolijua hilo. Kwa hiyo, "bunduki isiyo na magazini" na "bunduki isiyo na risasi" si visawe. Anayetafsiri maagizo ya usalama, au ushahidi wa askari, akiyachanganya mawili hayo atakuwa amewaambia watu uongo wa hatari.

Wenye Kiingereza Chao Nao Hukosea

Tusidhani kwamba utata huu ni wetu peke yetu. Waingereza na Wamarekani wengi huita kisanduku hiki "clip", jambo ambalo huwaudhi mafundi wa silaha. "Clip" ni kibanio tu: kipande cha chuma kinachoshika risasi kadhaa pamoja ili zitiwe bundukini kwa haraka. Hakina springi wala hakisukumi risasi kuingia katika chemba. Mfano mwema ni Lee-Enfield, bunduki iliyobebwa na askari wa Keya katika Vita vya Pili vya Dunia. Kisanduku chake kilichukua risasi 10, na kibanio kilishika risasi 5. Hivyo askari alihitaji vibanio viwili kukijaza. Kibanio hutupwa, kisanduku hubaki. Kwa upande mwingine, bunduki ya M1 Garand, iliyopokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1936, iliingizwa kibanio kizima cha risasi 8, na yamkini mazoea ya askari wake yalichangia mkanganyiko unaosikika hadi leo.

Faida kwa mfasiri ni hii: anapokutana na "clip" katika habari au riwaya ya Kiingereza, asikimbilie "kibanio" kabla ya kutazama muktadha. Ikiwa mhusika anachomoa "clip" kutoka mpini wa bastola ya kisasa, mwandishi anakusudia kisanduku, hata kama neno alilolitumia si lenyewe.

Visawe Tulivyo Navyo

Sasa tuvipime visawe vinavyopendekezwa kwa tawi hili la tatu.

"Jarida" limekwisha kuhukumiwa. Hilo ni la tawi la pili, wala halitiwi risasi.

"Hazina" linavutia kwa sababu ya udugu wake wa kietimolojia. Lakini etimolojia ni historia ya neno, si amri juu ya matumizi yake. Katika Kiswahili, "hazina" limebeba thamani na wingi. Ukisema mshtakiwa alipatikana na "hazina mbili za risasi", msikilizaji ataona shehena iliyofichwa, na visanduku viwili vitageuka kuwa akiba ya jeshi. "Ghala" na "bohari" zitakuza shtaka hata zaidi. Hapo mfasiri atakuwa amemwongezea mtu kosa.

"Kisanduku cha risasi" au "mkebe wa risasi" ni maelezo yanayoeleweka na kila mtu. Udhaifu wake ni kwamba risasi pia huuzwa na kuhifadhiwa katika vipakio vya karatasi na vya bati. Mtu anaweza kuwa na mkebe wa aina hiyo bila kuwa na sehemu yoyote ya bunduki.

"Magazini" ni tohozi. Polisi na askari hulitumia, na katika taarifa za Tanzania ni kawaida kusikia "bunduki yenye magazini mbili". Faida yake ni kwamba linataja kifaa mahususi. Hata hivyo, lina mitego miwili ya kimofolojia. Kwanza, linaanza kwa "ma-", na msemaji wa Kiswahili anapoona "ma-" hutafuta umoja wake. Hivyo ndivyo "madigadi", vizuizi vya matope vya magurudumu, yalivyozaa "digadi" moja, ingawa sauti hiyo ya mwanzo ilikuwa sehemu ya neno la Kiingereza. Si ajabu tukasikia siku moja "gazini moja, magazini mawili". Pili, linaishia kwa "-ni", na anayelisikia kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni jina la mahali, kama "makanisani". Mitego hii isituogopeshe mno. Waitaliano walipochukua "makhazin" walichukua wingi wa Kiarabu wakaufanya umoja wao, na mbingu hazikuanguka. Muhimu ni kuliweka neno katika ngeli ya I-ZI kwa uthabiti: magazini hii imejaa, magazini hizi zimejaa.

Maoni yangu ni kwamba "magazini" litumike kwa sehemu ya bunduki pekee, na linapotajwa kwa mara ya kwanza mbele ya mtu asiyelijua lifafanuliwe: "magazini, yaani kisanduku kinachochomekwa kwenye bunduki ili kuilisha risasi." Lile chapisho libaki "jarida", na lile jengo libaki "ghala". Kwa mpango huo Kiswahili kitakuwa na maneno matatu pale ambapo Kiingereza kina moja, na kitakuwa wazi kuliko lugha chanzi.

Kamusi ya Silaha katika Kiswahili

Haki inatutaka tukiri kwamba pengine mambo huwa kinyume. Kiingereza hutenganisha "bullet", kipande kinachoruka, na "cartridge", kitu kizima chenye ganda, baruti, fataki na hicho kipande. Kiswahili huita vyote viwili "risasi", neno lililotoka katika jina la Kiarabu la madini ya risasi, ambayo ndiyo yaliyoyeyushwa kutengenezea vipande hivyo. Daktari aliyetoa risasi mwilini na polisi aliyehesabu risasi katika magazini hawazungumzii kitu kimoja, na mfasiri wa ripoti zao anapaswa kuongeza neno la kufafanua.

Lakini msamiati wetu si maskini. "Bunduki" imetokana na "bunduq", tunda dogo gumu ambalo umbo lake lilifanana na vidonge vilivyorushwa kwa silaha za kale. Kinachobaki chini baada ya mlio tunakiita "ganda la risasi", kana kwamba mtu amemenya kitu. Silaha kubwa tuliiita "mzinga" kwa kuifananisha na gogo lililochimbwa la nyuki, na wageni wa heshima hupigiwa mizinga 21. Kitendo chenyewe ni "kufyatua", neno linalotumika pia kwa mtego. Waliounda msamiati huu walitazama kitu kwanza, kisha wakakipa jina. Mimi katika mwaka wa pili nilitazama kamusi, nikachukua maana iliyokuwa ya kwanza kwenye orodha, wala sikuitazama bunduki.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa undani wa kutosha kulijibu, na haki ya kupewa mkalimani bila malipo iwapo haielewi lugha ya mahakama. Haki hiyo huandikwa na wabunge na kulindwa na mahakimu, lakini hutimizwa na mtu mmoja aliyesimama kando ya kizimba, mwenye hati ya Kiingereza mkononi na sekunde chache za kuchagua neno. Wengi wa watu hao wanatoka, au wanapaswa kutoka, katika idara kama zetu.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, kozi zetu za tafsiri zitenge nafasi kwa msamiati wa mahakama na wa polisi, kama zinavyotenga nafasi kwa ushairi na riwaya. Wanafunzi wavione vifaa hivyo, hata kwa picha, kabla ya kuvipa majina. Pili, kila mfasiri anapokutana na neno lenye matawi, ajiulize: kitu hiki kinakaa wapi, na kinafanya nini? Kikikaa katika rafu ya maktaba, ni jarida. Kikifungwa kwa kufuli na kulindwa na askari, ni ghala. Kikichomekwa kwenye bunduki, ni magazini.

Sikubaki mahakamani kusikia mwisho wa kesi ya yule mzee. Ninachokumbuka ni kwamba karani, shtaka liliposomwa mara ya pili, hakutumia neno lolote la pekee. Alikinyooshea kidole kile kisanduku, akasema, "Hivi viwili vya kutilia risasi." Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa sasa alijua anaulizwa nini.